Dozi ya Siku Tano

Mama yake aliposhuka kwenye bodaboda nje ya lango la hospitali, Wamalwa alibaki kinywa wazi. Kichwa cha mama kilikuwa kimenyolewa chote, hata unywele mmoja haukusazwa, na jua la Voi lilikuwa likimchoma utosi.

"Mama, umejifanya nini?"

"Mjukuu wangu yuko wapi?" akauliza, akampita.

Nabwile, mkewe Wamalwa, alimsihi mama mkwe aende kwanza nyumbani akaoge, maana alikuwa barabarani tangu jana kutoka Bungoma.

"Kwenu sitaingia. Nimekuja hospitali."

Nabwile akanuna. Wamalwa akamkonyeza anyamaze. Wazee wana yao.

Wodini, Nanzala wa miaka mitano alikuwa amelala, mrija mkononi, dawa ya saratani ikidondoka tone kwa tone. Nywele zilikuwa zimemwisha kitambo, na kila alipoona mtoto aliyesukwa alijifunika shuka usoni. Sasa alimkodolea macho nyanya yake, akaketi.

"Kukhu, na wewe unatiwa dawa?"

Bibi akainamisha kichwa. "Gusa. Si tunafanana?"

Mtoto akagusa, akacheka. Hakuwa amecheka tangu Jumatatu. Wamalwa aligeukia dirisha kuficha machozi. Mama wa kanisa, miaka sabini, mtu asiyetoka hata uani bila kitambaa, amekubali kuchekwa njia nzima ili mjukuu asijione yuko peke yake. Kwa kweli alimpenda mama yake siku hiyo kuliko siku zote.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya tano na ya mwisho ya dozi. Mwezi Februari dozi kama hii waliikatiza katikati. Mzee, babake Wamalwa, alipiga simu kuwa shangazi amefariki, na kifungua mimba kama Wamalwa hakosi kaburini, yeye na watu wa nyumba yake. Mila ni mila. Wakambeba mtoto, wakaenda. Waliporudi, Daktari Mwandawiro hakuwagombeza. Aliwaambia tu kwamba wanaanza upya, na kwamba ikikatizwa tena hana la kuwaahidi. Mzee alipopewa habari hizo alilia kwenye simu, na Wamalwa hakuwa amewahi kumsikia akilia.

"Baba hashiki simu wiki nzima," Wamalwa akasema. "Nataka asikie mtoto akicheka. Nikimpigia mdogo wangu Ben huko nyumbani, ananiambia mtandao ni mbaya."

"Mtandao wa kwetu unaujua," mama akajibu. "Hiyo chupa imebaki kiasi gani?"

Swali hilo aliliuliza mara nne kabla ya mchana. Chakula alichoandaliwa hakukigusa. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, macho kwenye chupa, na mtu akimsemesha alijibu neno moja. Nabwile alianza kuona labda mama mkwe ana kinyongo naye. Wamalwa alidhani ni uchovu.

Saa kumi nesi Alice akachomoa sindano na kukandamiza pamba.

"Imekwisha kabisa?" mama akauliza. "Hakuna ya kesho?"

"Imekwisha, nyanya. Amemaliza vizuri sana. Sasa ni kupumzika wiki tatu."

"Hata akisafiri, haitaharibika?"

"Daktari akimruhusu, haitaharibika."

Mama akashusha pumzi. Alimfunika Nanzala shuka vizuri, akamshika mwanawe mkono, wakatoka hadi kwenye baraza la wodi. Hapo akafungua mkoba wake, akatoa wembe mpya, bado umo kwenye karatasi yake, akautia kiganjani mwa Wamalwa na kuvikunja vidole vyake juu yake.

"Tafuta mtu akunyoe," akasema. "Mzee alikataza usiambiwe mpaka mtoto amalize. Tulimzika Jumatatu."