Shavu la Zakia

Tangu asubuhi picha ya Zakia ilikuwa inazunguka kwenye kundi la WhatsApp la wauza vitenge wa Tunduma. Mtu alimpiga picha kwa siri mtandio ulipoteleza, kovu la moto likiwa wazi shavuni, akaandika: "Nani ataoa hili?" Wengine wakacheka.

Zakia alisoma yote kibandani kwake. Kisha akamwita jirani yake.

"Dada, nipige picha."

"Jifunike kwanza, mdogo wangu."

Zakia akausogeza mtandio nyuma ya sikio, akaligeuzia jua lile shavu. Ngozi iliyokunjamana ikang'aa.

"Sogea karibu. Yao haikutoka vizuri."

Akaituma kundini na kuandika: "Aliyepiga ile ya kwanza aje anicheke hapa, tukitazamana."

Akavuta kiti hadi mlangoni, akakaa.