Abiria wa Mbuni

Mbuni, mbeba abiria, alinaswa na Korongo, askari wa barabarani, akikatiza sokoni kama anayefukuzwa na nyuki. Akaamriwa kuhudhuria darasa la mwendo wa adabu. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Kinyonga, ambaye hata mguu huutafakari kabla ya kuutua.

Asubuhi ya somo, Mbuni alimkuta mwalimu njiani, shule bado iko mbali.

"Nibebe, mwanangu. Leo mkaguzi anakuja."

Mbuni akambeba, akatembea taratibu.

"Umebeba mayai au mwalimu? Kimbia!"

"Lakini mwalimu, sheria..."

"Sheria tutaisoma tukifika. Kimbia!"

Mbuni akatimua mbio. Kwenye kona, Korongo akainua bawa.

"Wewe tena!"

"Afande, ni mwalimu kanihimiza. Huyu hapa mgongoni."

Korongo akachungulia, asione kitu. Kinyonga alikwisha kuwa mweusi kama manyoya ya Mbuni. Basi Mbuni akaongezewa masomo, na juu ya hayo karipio la kusema uongo.

Darasani, Kinyonga alisimama mbele ya Nyati, mkaguzi, akauliza kwa upole, "Nani atatuambia, wabeba abiria hukimbia kwa nini?"

Mbuni akanyoosha shingo. "Abiria ndiye anayehimiza, mwalimu. Askari akitokea, abiria haonekani."

Nyati akamgeukia mwalimu asikie atasema nini. Kinyonga alikuwa mwekundu kuanzia pua hadi mkia, na safari hii hakuwa amekusudia.