Mikono ya Gauni

Fundi cherehani alimpima Zawena mabega, kisha akamuuliza, "Mikono ya gauni tuiache mirefu, binti?"

"Mirefu," mama yake akadakia. "Huyu ana haya sana. Hata akisalimiwa, namjibia mimi."

Wateja waliokuwa wakisubiri wakacheka. Zawena, msichana wa miaka kumi na minne, alihisi jasho likimtiririka mgongoni. Alitamani kutoka mbio, lakini futi ya fundi ilikuwa bado imemzunguka kiunoni.

"Mifupi," alisema.

"Unasemaje?" mama aliuliza.

"Naitaka mifupi, mama." Sauti ilimtetemeka, ila haikukatika.

Fundi alishika chaki, akamtazama mama, akamtazama binti, mkono wake ukiwa umesimama juu ya kitambaa.