Ile ya Banda la Mbuzi

"Rudia pale simu inapolia," alisema mzee Sosthenes, akisogeza miguu kwenye moto. "Hapo mwili wote unanisisimka."

Frida, mke wa mwanawe, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma. Mke kampiga mumewe mchi wa kichwa. Kamfukia chini ya banda la mbuzi na nguo zake, viatu vyake, bila kumpekua mifukoni. Simu ikalia humo udongoni, mbuzi wakaruka kwa woga. Ikalia na kulia mpaka chaji ikaisha.

"Mama yangu weee!" Mzee alijipiga paja. "Shetani wa mwanamke!"

"Alikuwa anapigwa kila siku, Baba."

"Kupigwa tu? Nani hajapigwa?"

Frida akafunga kitabu, akaenda kusonga ugali.

Mzee alikuwa haoni, mwaka wa tatu sasa, na raha yake ilibaki hiyo moja: hadithi za kutisha, moja kila jioni. Hofu ya kitabuni tamu, alisema, maana anayekufa si mtu wako. Hofu iliyomtafuna ilikuwa ya Tadeo, mwanawe wa pekee, ambaye Frida alisema ameondoka kwenda kuchimba dhahabu Makongolosi, bila hata kumuaga baba yake, na sasa hapatikani kwenye simu. Ikimshika hiyo, alimwita Frida na kitabu chake.

Jumapili mwinjilisti Ezron alipita kumjulia hali. Frida alikuwa bado kanisani na wanakwaya wenzake.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Hebu chukua kitabu hapo dirishani. Nisomee ile ya banda la mbuzi, leo niisikie kwa sauti ya kiume."

Kurasa zikageuzwa. Zikageuzwa tena.

"Mzee, hiki ni cha kilimo cha mahindi. Mbegu, mbolea, viwavi."

"Basi chukua kile kingine."

"Kipo hiki tu."

Mzee akacheka. Kumbe binti anatunga mwenyewe! Ana kipaji, mjanja yule! Akafungua mdomo amsimulie Ezron ile ya simu, na kicheko kikamkauka.

Siku mbili nzima alikuwa amempigia Tadeo, simu ikiita bila kupokewa, mpaka ilipozimika. Na kila alipopiga, mbuzi walishtuka bandani.