Simba wa Njia ya Kakese

Kwa siku ya tatu Obadia aliinama kwenye tope la mashamba ya mpunga, kando ya njia ya Kakese, akitafuta nyayo za simba. Na kwa siku ya tatu aliona za mbwa, za ng'ombe, na pale kwenye matete, za raba za mtu.

Miaka kumi na tisa ya uaskari wa wanyamapori ilikuwa imemmaliza magoti. Ila kilichomuuma zaidi ni kikundi cha WhatsApp cha kijiji. Picha ya simba iliyozunguka humo alishaiona mwaka juzi, ikidaiwa imepigwa mkoa mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa amemtembeza siku tatu juani.

Kila aliyemuuliza alijibu, "Nami nimetumiwa tu." Kutoka simu hadi simu, akafika kwa Monika, aliyekuwa anapepeta mchele uani. Binti yake, Hana, alijibanza mlangoni.

"Mama, ni wewe uliyeanza kutuma?"

"Ni mimi, afande."

"Umemuona wapi?"

"Pale kwenye matete. Hutoka saa kumi, watoto wakirudi shule."

"Amekamata mbuzi? Ndama?"

"Huyu hali mbuzi. Anafuata mabinti."

Obadia alishusha pumzi. Alikuwa amechoka kudanganywa. "Watu wameacha mashamba, mama. Kina baba wanasindikiza watoto na mikuki. Kesho natangaza kwamba hakuna simba, na wewe utaomba radhi mbele ya kijiji."

Monika aliweka ungo chini. Hakuogopa. Alionekana tu amechoka kuliko Obadia.

"Tangaza. Mwezi wa pili nilituma humo humo kwamba kuna mwanaume anawavizia wanetu kwenye yale matete. Na jina nikalitaja. Hakuja hata mmoja. Baba yake Hana akaniambia ninyamaze, nisichafue ukoo. Simba nimemtuma Jumatatu. Jumanne nyie mmekuja na bunduki."

Hana akarudi ndani.

Obadia alivua kofia. Kisha akatoa kalamu. "Nitajie tena lile jina, mama."

Alipomaliza kuandika akachukua simu, akafungua kikundi cha kijiji, na kwa kidole chenye tope akaandika: "Nyayo zimeonekana. Kina baba, msiache kusindikiza watoto."