Mtu wa Kwenye Bango

Opondo alijitupa nyuma ya gunia la mahindi dukani, daftari lake la michoro kifuani. Yule mtu alikuwa amefika Kakuma.

Alisimama ng'ambo ya barabara, mkuki mkononi, shuka mabegani, miguu myeupe kwa vumbi. Ni Lotiir, Lotiir yuleyule wa Lodwar. Na kwa kuwa hakuna lori lililopita tangu Jumatatu, alikuwa ametembea. Nani hutembea siku tatu katika jua lile kwa jambo la heri?

Mambo yalianza vizuri tu. Mwaka ule wa 1976 Opondo alikuwa anamaliza chuo Nairobi, akisomea uchoraji na uchapaji wa mabango. Mtihani wa mwisho ulitaka kila mwanafunzi alete bango alilotengeneza kwa watu asiowajua. Wenzake wakachagua Naivasha. Yeye, kwa kujitia ujuaji, akachagua Turkana.

Kule Lodwar alimwomba Lotiir ruhusa ya kumchora. Lotiir akavua shuka, akasimama kifua wazi, hakutikisika mpaka penseli ilipokoma. Alipooneshwa ukurasa alicheka kwa furaha, akajigonga bega lililokuwa na chale zilizopangwa safu kwa safu. Waliachana kwa kushikana mikono.

Opondo akaihamishia picha ile kwenye kipande cha lino, zulia gumu la kuchongea chapa, akaikata mstari kwa mstari, vilevile kama ilivyokuwa daftarini. Kilichomtoa jasho ni maneno. Kwenye lino herufi ukiikata sawa huchapika kinyume, kulia kuwa kushoto, basi alikaa siku mbili na kioo cha kunyolea, akizikata herufi za KARIBU TURKANA kutoka nyuma kwenda mbele. Loo, zilivyotoka! Hata moja haikupinduka. Akachapa mabango arobaini. Madereva wakayachukua hadi Kalokol, hadi Lowarengak, na mengine akaja nayo mwenyewe Kakuma. Moja lilikuwa hapo hapo dukani, ukutani, juu ya sabuni.

Mwalimu Kiplagat, mwenyeji wake, aliingia dukani akamkuta chini.

"Inuka, bwana. Nimeongea naye. Anakutaka wewe, na anasema lazima uje na hilo daftari."

"La nini?"

"Hakunifafanulia. Anasema picha yako imemmaliza."

Opondo akalikumbatia daftari. Kule Lodwar bibi mmoja aliwahi kujifunika uso mbele ya penseli yake, akisema mtu akichorwa hupungua. Alimcheka bibi wa watu. Sasa hakuona cha kucheka.

Mwalimu alikuwa ameinua macho ukutani. Alisogea karibu na bango, akaguna.

"Kijana, unajua hizi chale ni za nini?"

"Si mapambo?"

"Mapambo! Mtu wa hapa akiua adui mwanamume, huchanjwa bega la kulia." Akajigusa bega la kushoto. "Huyu wako amechanjwa huku."

"Huku ni nini?"

"Huku ni mwanamke."

Opondo akaufuta mkono wake kwenye suruali. Alikuwa amemshika mkono mtu huyo!

"Nenda nyumbani ujifungie," Mwalimu akasema. "Mimi naenda kumtafuta askari."

Opondo alipita uani, akaingia nyumba ya Mwalimu, akatia komeo. Jua la saa saba lilichoma bati. Akachungulia dirishani. Lotiir, amechoka kungoja, alikuwa amejilaza chini ya mgunga kando ya mto mkavu, kichwa juu ya kigoda chake, amejifunika shuka gubigubi. Hata hivyo Opondo hakuthubutu kutoka. Aliomba Mungu amletee mtu, mtu yeyote.

Mlango ukagongwa.

"Ejok."

Ilikuwa salamu ya Kiturkana, lakini haikuwa sauti ya Lotiir. Akafungua kidogo. Walikuwa wanaume wawili wenye mikuki, na yule mkubwa alishika bango lake, limekunjwa mara nne.

"Hii picha ni wewe nachora?"

"Ndiyo."

"Mimi Ekal. Huyu ndugu yangu. Sisi natoka Lowarengak. Mwaka jana watu walikuja kuiba mbuzi, wakaua dada yetu kisimani. Tulitafuta, tulitafuta. Halafu tukaona hii; dereva akasema mchoraji iko Kakuma." Kidole chake kikatua kwenye chale za bangoni. "Iko wapi huyu?"

Ah, Mungu anajibu! Opondo hakumngoja askari wala Mwalimu. Alifungua mlango wote, akanyoosha mkono kuelekea mtoni.

"Pale, chini ya mgunga. Amelala. Huyo aliyejifunika shuka."

"Asante, ndugu yangu," Ekal akasema, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Kuongea na yeye, hapana. Sisi wenyewe tumeshaongea sana."

Wakaondoka upesi, wakikwepa kokoto.

Opondo akaegemea ukuta, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Si walisema wahenga, kwa mwoga huenda kicheko? Waache waseme. Alikuwa hai. Huko mtoni mbwa alianza kubweka.

Akaketi kitandani, akafungua daftari kutafuta ukurasa mweupe. Angemchora Ekal, sura ile isipotee.

Daftari likafunguka pa Lotiir. Alikuwa amesimama kifua wazi, kama alivyosimama siku ile Lodwar, na chale zake zote, safu kwa safu, zilikuwa bega la kulia.