Lango la Moyo Uliotulia

Jirani yetu Mama Shemboza anadai alilala msituni usiku mmoja tu, akachoma viazi vyake, na asubuhi lango likamfungukia. "Mapumziko ya msituni tunayolazimishwa na sheria hayana shida, mwanangu. Lango likisikia moyo umetulia, unatoka."

Mimi bado niko chini ya mivule. Mwanangu anayenyonya nimemwacha kwa wifi. Kila nikisogelea lango namkumbuka, moyo unaenda mbio, taa ya lango inabaki nyekundu na halifunguki.

"Usimuwaze, dada," anasema mlinzi kutoka nje. "Wenzako wanaweza."

"Wenzangu wana maziwa kifuani?"

Leo taa ikawa kijani. Nikashtuka: tangu niamke sikuwa nimemkumbuka mtoto. Ikarudi nyekundu.

"Kaka, nakuomba, mwambie wifi amlete hapa kwenye uzio, nimwone."

Mlinzi aliendelea kuitazama taa.